Pikipiki ya umeme ilizima darajani, abiria akavunjika mguu: nani alipe?

SWALI

Asalaam aleikum Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kisauni, Mombasa. Mwaka jana nilimchukulia mwanangu mkubwa pikipiki ya umeme kwa mkopo afanye kazi ya bodaboda. Mkopo uko kwa jina langu, na logibuku, yaani kitabu cha usajili wa pikipiki, ina jina langu pamoja na la kampuni. Betri si yetu. Chaji ikiisha anakwenda kituo cha kampuni, anaacha iliyoisha, anapewa iliyojaa. Kila siku tunatuma malipo kwa simu, na tukichelewa kampuni inaweza kuifunga pikipiki kwa mbali, wao wakiwa huko huko ofisini kwao.

Wiki chache zilizopita alimbeba mama mmoja anayeuza mboga soko la Kongowea, akimpeleka Buxton. Kulikuwa na manyunyu. Wakishuka daraja la Nyali pikipiki ilizima ghafla, taa za dashibodi zikapotea, na kabla hajaweza kutoka kando gurudumu la nyuma likajikaza. Walianguka wote wawili. Mwanangu alichubuka tu, alhamdulillahi, lakini yule mama alivunjika mguu na kuumia kichwani. Hakuwa na helmeti. Helmeti ya abiria iliibiwa steji na hatukuwa tumenunua nyingine.

Polisi walikuja, wakaandika maelezo. Vijana wa steji waliisukuma pikipiki mpaka kituo cha polisi, na wanasema ilikuwa nzito kama iliyoshikwa breki. Siku ya pili mtu wa kampuni alifika kituoni akachukua betri, akisema ni mali yao. Sasa wanataka nitie saini fomu ili pikipiki itolewe, wakaitengeneze bure. Kaka yangu aliyesoma fomu anasema ndani imeandikwa kwamba nikishatia saini sina dai lingine kwao. Nikawauliza abiria atalipwa na nani, wakajibu ajali ni uzembe wa mwendeshaji.

Mshauri, nitakwambia yote. Pikipiki hii ilishawahi kuzima barabarani kabla ya siku hiyo, na mwanangu aliipeleka kwa mafundi wao zaidi ya mara moja. Walimwambia ni kiunganishi cha betri kimelegea, wakakibana, akaendelea na kazi. Lakini pia kuna fundi wa mtaani aliyemfungia waya wa kuchajia simu na spika ndogo. Mafundi wa kampuni waliuona waya huo na hawakusema kitu. Na juzi nilichelewesha malipo ya siku moja.

Watu wa yule mama wanataka shilingi 180,000. Jamaa zangu wananiambia tuyamalize kwa mzee wa mtaa, na ule waya nisiutaje popote. Mwanangu amekata tamaa kabisa. Je, kosa ni letu au ni la waliotengeneza? Na hii mikopo ya kila siku niendelee kulipa?

Mama wa Kisauni

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu. Pole sana wewe na mwanao, na Mwenyezi Mungu ampe shifaa yule mama.

Usitie saini ile fomu. Na pikipiki isitoke kituoni kabla ya kukaguliwa na mtu asiyelipwa na kampuni. Nimeanza na hayo kwa sababu majibu ya maswali yako mengi yamo ndani ya hiyo pikipiki. Ikishapelekwa karakana ya kampuni na kutengenezwa, kifaa kilichoharibika kitatolewa na kipya kitafungwa, na hutakuwa na cha kumwonyesha hakimu isipokuwa neno la mwanao dhidi ya neno lao. Matengenezo ya bure katika hali hii ni ghali kuliko unavyodhani.

Umeandika jambo moja ambalo huenda hukulitilia uzito: vijana waliisukuma ikawa nzito kama iliyoshikwa breki. Mota ya umeme ikizungushwa bila kupewa umeme, yenyewe huzalisha umeme. Kwa kawaida umeme huo hauna pa kwenda na gurudumu huzunguka bila shida. Lakini kontrola, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota, ikiungua ndani kwa namna fulani, nyaya za mota hugusana kupitia humo na mota hujikaza yenyewe, hata betri ikiwa imetolewa. Mwendeshaji aliye kwenye mteremko wenye maji huona gurudumu la nyuma limeshikwa bila kugusa breki. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenu. Breki ya kawaida iliyojikunja katika kuanguka nayo huleta uzito uleule. Mkaguzi anajua kuyatofautisha: atachomoa nyaya za mota kwenye kontrola, na gurudumu likiachia papo hapo, mmepata pa kuanzia. Msijaribu wenyewe, wala asije fundi wa mtaa kulijaribu kwa ajili yenu. Lifanywe mara moja, kwa maandishi na picha, kampuni ikiwa imealikwa kuhudhuria, wasije kusema baadaye kwamba nyinyi ndio mlioharibu.

Kwa hiyo muulize afisa anayeshughulikia ajali yenu ukaguzi wa chombo utafanywa lini, kwa maana ni sehemu ya uchunguzi wa ajali yoyote yenye majeruhi. Omba nakala ya ripoti. Ukiweza kumpata mkaguzi wa kujitegemea, wale ambao makampuni ya bima huwatumia, afadhali. Leo hii nenda na simu yenye kamera nzuri ukapige picha za kila kitu: nambari ya chasisi, nambari ya mota, kibandiko cha kontrola, matairi, breki, kiunganishi cha betri, na ule waya.

Betri ndiyo inayonikera. Ni mali yao, kweli, lakini pia ni kitu kilichohusika katika ajali iliyojeruhi mtu, na haikupaswa kuondoka kituoni kabla ya ukaguzi. Tayari wanaweza kuwa wameirudisha kwenye mzunguko, iko chini ya makalio ya kijana mwingine. Kumbukumbu ya mwisho ya kubadilisha betri kwenye simu ya mwanao huenda ina nambari yake. Ipige picha kabla haijafutika. Kisha andika barua kwa kampuni, ipeleke kwa mkono ukiwa na nakala ya kugongewa muhuri, na uitume kwa barua pepe pia. Sema mambo mawili: betri hiyo ihifadhiwe bila kufunguliwa, na kumbukumbu zote za pikipiki za siku hiyo na za miezi iliyotangulia zihifadhiwe.

Hizo kumbukumbu ndizo ambazo waendeshaji wengi hawajui kuwa zipo. Kampuni inayoweza kuifunga pikipiki yako kutoka ofisini ina kifaa ndani ya pikipiki kinachozungumza na ofisi. Pikipiki za namna hiyo kwa kawaida hutuma mahali zilipo, mwendo, hali ya betri, na mara nyingi alama za hitilafu. Wanaposema mwanao alikuwa anakimbia, waonyeshe mwendo uliorekodiwa. Na kwa kuwa ulichelewesha malipo, waulize wazi, kwa maandishi, kama siku hiyo kulitumwa amri yoyote ya kufunga au kupunguza nguvu, na saa ngapi. Sitaki kuamini kwamba kuna mtu angezima pikipiki iliyo mwendoni darajani, na gurudumu kujikaza hakuelekezi huko moja kwa moja, lakini swali lazima liulizwe na jibu lazima liwe la maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake binafsi zilizo mikononi mwa kampuni. Omba kwa jina lako, na mwanao aombe kwa jina lake kama mwendeshaji aliyesajiliwa. Wakikataa, lalamikeni kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Sasa nije kwenye swali lako kuu. Umeliuliza kama mizani ya pande mbili, ama sisi ama wao. Sheria ya Kenya haiko hivyo. Hakimu anaweza kugawanya lawama kwa asilimia, sehemu kwa mwendeshaji, sehemu kwa mtengenezaji au muuzaji, na hata sehemu kwa aliyeumia.

Upande wa mtengenezaji kwanza. Wajibu wake haukomei kwa mnunuzi. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi, akanywa, kisha katika kumimina kilichobaki akaona mabaki ya konokono. Yeye hakununua kitu, hakuwa na mkataba na yeyote. Mwaka 1932 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kwamba aliyetengeneza kinywaji ana wajibu wa uangalifu hata kwa mnywaji asiyemjua, na mahakama zetu zimejengwa juu ya msingi huo. Weka yule mama wa Kongowea mahali pa mnywaji. Hakununua pikipiki wala hakuweka saini popote, lakini anaweza kumdai aliyeitengeneza. Juu ya hilo, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa usalama wake, na haki ya fidia kwa hasara au majeraha yatokanayo na kasoro za bidhaa. Ile sentensi ya "sina dai lingine" nayo haina nguvu wanayotaka uiamini, kwa sababu Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inasema haki zake hubaki hata kama kuna makubaliano ya kuziacha. Bado usitie saini. Ya nini ujitengenezee ubishi wa miaka mahakamani juu ya karatasi uliyoweza kuiacha mezani?

Jiandae pia kusikia "sisi hatukutengeneza, tuliunganisha tu" au "kontrola imetoka ng'ambo." Wakili mzuri atawaandikia wote, aliyeagiza, aliyeunganisha, aliyeuza na mwenye betri, waelekezane vidole wao kwa wao mbele ya hakimu. Na kama ukaguzi utaonyesha kasoro ya kiwandani, peleka nakala ya ripoti kwa Shirika la Viwango, KEBS, na kwa Mamlaka ya Ushindani, ambayo pia hushughulikia bidhaa zisizo salama. Pikipiki kama hiyo haiko moja hapa mjini.

Sasa upande wenu, na hapa nataka mwanao asome mwenyewe.

Aliijua pikipiki kuwa inazima. Malalamiko yake kwa mafundi wa kampuni ni silaha nzuri dhidi yao, maana yanaonyesha waliambiwa na wakabana kiunganishi tu. Tafuteni kila ujumbe, kila risiti, kila simu ya siku hizo. Lakini silaha hiyo ina makali pande zote mbili. Mwendeshaji anayekutwa na hitilafu ambayo hakuna mtu mwangalifu angeitarajia ana utetezi mkubwa. Aliyekwisha kuiona ikizima, akaendelea kupandisha abiria, ataulizwa na wakili wa upande wa pili: kama ulijua, kwa nini ulimbeba huyu mama? Jibu lake ni kwamba aliipeleka kwa wenyewe, wakamwambia imepona, naye si mhandisi. Ni jibu zuri, na ni la kweli. Hata hivyo halifuti lawama yote kama ilizima tena baada ya matengenezo ya mwisho naye akanyamaza. Mwulize hilo faraghani, na akujibu ukweli.

Waya usiufiche. Najua jamaa zako wanakupenda wanapokushauri hivyo, lakini mafundi wa kampuni waliuona, na mkaguzi atauona katika dakika ya kwanza. Ukiufahamu mapema na kuusema, unabaki kuwa suala la kiufundi: uliungwa wapi? Kama uliungwa kwenye njia ya umeme mdogo unaowasha taa na dashibodi, na spika ikavuta kupita kiasi, unaweza kuzimisha njia hiyo, na taa za dashibodi kupotea kwafanana na hilo. Kwa upande mwingine, waya wa spika hauelekei kuwa ndio uliolikaza gurudumu. Kampuni haiponi kwa kusema tu "mliigusa." Itabidi ionyeshe kwamba kuguswa huko ndiko kulikosababisha ajali, na ieleze kwa nini mafundi wake waliuona waya wakairudisha pikipiki barabarani bila onyo hata moja la maandishi. Ukiuficha na ukagunduliwa, hakuna neno lenu lingine litakaloaminiwa, hata lile la malalamiko mliyoyapeleka kweli.

Helmeti ni kosa lenu, na halina mtengenezaji. Sheria ya trafiki inamtaka mwendeshaji awe na helmeti yake na ya abiria. Jeraha la kichwa la yule mama linaangukia hapo, hata kama pikipiki itapatikana na kasoro mia. Kama kampuni italipa mguu, huenda mkabeba sehemu ya kichwa. Hakikisheni pia leseni ya mwanao ni ya daraja la A3, la wabeba abiria, kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho bima itatafuta.

Na bima sijaona umeitaja hata mara moja katika barua yako yote. Bima ya watu wengine ni lazima kisheria kwa kila chombo cha barabarani, na mara nyingi kampuni za mikopo huikata ndani ya malipo ya kila siku bila mteja kujua. Tafuta cheti. Angalia kama ni cha kubeba abiria wa kulipa au cha matumizi binafsi. Mjulishe mwenye bima sasa hivi kwa maandishi, kwa sababu kuchelewa huwapa kisingizio. Sheria ya bima hiyo, Sura ya 405, inamlazimu mwenye bima kulipa fidia iliyoamuliwa na mahakama kwa aliyejeruhiwa, hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Hilo linakuhusu wewe mwenyewe, dada yangu, si mwanao tu. Jina lililo kwenye logibuku huchukuliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vingine, na mmiliki aliyempa mtu pikipiki amfanyie kazi hushtakiwa pamoja naye. Kampuni iliyo kwenye logibuku hiyo hiyo nayo isijifiche.

Kuna mtego mmoja wa polisi nimewaona vijana wengi wakiuingia. Akishtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, ataambiwa akubali kosa, alipe faini, aende zake. Siku hiyo huonekana nafuu. Lakini hukumu ya kesi ya trafiki hutumika kama ushahidi katika kesi ya fidia, na kampuni itaipeperusha kama bendera. Asikubali kosa kabla ya ripoti ya ukaguzi na kabla ya kuongea na wakili. Ada ikiwashinda, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya watu wasio na uwezo.

Kuhusu shilingi 180,000. Mzee wa mtaa simkatai, amani na familia ile ni kitu kikubwa, na mtakutana sokoni maisha yenu yote. Nendeni kumwona mgonjwa, mpeleke mwanao. Mkiweza kusaidia dawa au nauli, saidieni, na iandikwe pale pale mbele ya mashahidi kwamba ni msaada wa matibabu, si kukubali kosa wala malipo ya mwisho. Lakini kiasi kamili msikikubali leo. Mguu uliovunjika haujulikani gharama yake mpaka daktari aseme kama utahitaji kufungwa chuma na kuja kufunguliwa tena, na wao wenyewe wanaweza kujipunja. Waambieni ukweli: wana haki ya kuidai kampuni na bima, na ripoti mnayoitafuta itawasaidia wao kuliko inavyowasaidia nyinyi. Wapeni nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, waombe abstrakti (muhtasari wa ajali wa polisi) na fomu ya P3 (ambayo daktari huthibitishia majeraha) mapema. Wakiwashtaki nyinyi peke yenu, wakili aombe haraka mahakama iiingize kampuni katika kesi hiyo hiyo. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Kwa madai ya uzembe yeyote kati yenu ana miaka mitatu tangu siku ya ajali, na kwa madai yako ya mkataba wa ununuzi una sita. Msiisubiri hata nusu yake.

Mikopo: usikate malipo kimyakimya. Ukiacha tu, wao ndio watakuwa na kesi dhidi yako, na watapata sababu halali ya kuja kuichukua pikipiki, yaani ushahidi wako. Waandikie kwamba pikipiki iko mikononi mwa polisi kwa hitilafu inayochunguzwa, na kwamba unaomba malipo yasimamishwe mpaka ripoti itoke. Wakikataa, lipa kile unachoweza na uandike kwamba unalipa huku ukihifadhi haki zako. Wakili atalishughulikia suala la malipo hayo baadaye.

Mwanao akipata pikipiki ya kushikia kazi kwa muda, iwe ya mafuta au ya umeme, anunue kwanza helmeti ya pili. Na ripoti ya ukaguzi ikishatoka, niandikie. Nitataka kujua waliikuta vipi ile kontrola.